Maneno Niliyoyaacha Mtoni Lunyela

Mahongole, Makambako
21 Julai 2024

Mjomba Kasimiri, shikamoo.

Kamwene pia kwa Mama Brayson na Brayson mwenyewe. Mimi nilifika shuleni salama. Yale maparachichi kumi na mawili uliyonifungia yalifika kumi na moja, kwa sababu moja liliiva njiani nikalionea huruma. Mama ameandika kutoka Lugarawa. Anasema wodi ya watoto imejaa vikohozi vya baridi na wauguzi ni wachache, kwa hiyo hatapata likizo mpaka Desemba. Anakusalimu.

Hapa simu haziruhusiwi, unajua, ndiyo maana nakuchosha macho na mwandiko wangu.

Mwalimu Jacob alitupa insha ya Kiingereza kuhusu likizo. Wenzangu waliandika nusu ukurasa. Mimi niliandika kurasa nne juu ya bonde letu. Niliandika jinsi mahema ya wale wageni wa Juni, Wafini kutoka Ufini, yalivyoamka na umande mweupe juu yake kama yamenyunyiziwa chumvi. Niliandika habari za yule mrefu aliyejitosa kwenye dimbwi chini ya maporomoko, akatoka kabla hata hajalowa vizuri. Niliandika baiskeli kwenye barabara za mashamba ya chai, na ule mwamba ambao ukishafika juu unaona Yakobi yote, mabati yanameta kama vioo. Na wale ndege wa mabawa mekundu ambao wewe unawaita kwa mluzi nao wanakuja, jambo ambalo nikilisema hapa naonekana mwongo.

Lightness, tunayelala naye kitanda cha juu na chini, aliisoma akaniuliza, kwani watu huenda Njombe kutembea? Yeye alidhani huko watu huenda kununua viazi tu na kurudi kabla hawajaganda.

Mwalimu alitaka niisome mbele ya darasa. Nilisema koo linauma. Akaisoma yeye.

Mjomba, kuna jambo nilitaka kukuambia pale stendi siku ile, lakini gari likaanza kuunguruma. Si ugonjwa, usiogope. Nitaliandika siku nyingine.

Mpwa wako,
Anneth


Lunyela, nyuma ya Yakobi, Njombe
11 Agosti 2024

Mpwa wangu Anneth,

Marahaba mwanangu, kamwene, na sisi hapa tunaendelea vizuri ila baridi ya mwaka huu haina adabu, inaingia ndani bila kupiga hodi, Mama Brayson analala na soksi mbili na bado ananilaumu mimi kana kwamba ndiye niliyeiita. Brayson amefaulu mtihani wa kuendesha pikipiki, sasa tunamwombea. Barua hii nimempa Benno anayepeleka viazi Makambako kila Jumatano. Akichelewa ujue ni fuso lake.

Tangu uondoke wamekuja wageni mara mbili. Mara ya kwanza wanandoa kutoka Dar es Salaam waliotaka kupiga picha kwenye chai, mara ya pili vijana wa chuo waliolala kwenye mahema usiku mmoja, na asubuhi nikawapandisha kilimani kuangalia ukungu unavyolala bondeni. Kijana mmoja akaniambia mzee, mimi nilizaliwa Iringa na sijawahi kuona hiki. Nilifurahi kama vile ukungu nimeutengeneza mimi.

Sasa nikupe jambo lenyewe. Mwenyekiti wetu Methusela amesema wageni wameongezeka na kijiji kiwe na mtu mmoja wa kuwaongoza, anayetambulika, mwenye kitambulisho shingoni. Kuna kijana anaitwa Fredy kutoka mjini, amesomea mambo hayo, Kiingereza anacho, na viatu vya kupandia milima anavyo. Wengine wanamtaka yeye. Mkutano ni Novemba. Methusela amesema hawatabishana kwa midomo, litasomwa lile daftari la wageni mbele ya watu wote, ukurasa kwa ukurasa, lijulikane wageni wenyewe wamesemaje.

Mimi sina wasiwasi hata kidogo, mwanangu. Si wewe mwenyewe ulinisomea? "Kiongozi anaijua kila nyasi ya bonde hili, maneno yake tutayabeba hadi kwetu." Nimeyakariri. Jumapili baada ya misa nilimwambia hata katekista.

Mwamba, maporomoko, mto, vyote vinakusalimu. Umesema kuna jambo. Liandike tu.

Ni mimi mjomba wako,
Kasimiri


Makambako
25 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini Mama Brayson hajambo na soksi zake. Sisi tunaendelea na masomo. Maji yalikatika siku tatu, yamerudi.

Nimeanza barua hii mara tano. Ya sita ni hii, na nisipoimaliza leo sitaiandika tena.

Yale maneno kwenye daftari hayamo.

Wafini waliandika hivi, nakuandikia yalivyo: "Mahali pazuri kuliko tulivyotarajia. Kiongozi ni mpole lakini hazungumzi sana. Tulitamani kujua zaidi." Chini yake mwingine akaandika: "Binti aliyefuatana nasi alituambia mara nne tusiteleze." Ulipoleta daftari jikoni ukaniambia nisome, ulikuwa umeshavua kofia, kama mtu anayesubiri sala. Nikasoma maneno niliyoyatunga pale pale.

Na kama hazungumzi sana, ni kwa sababu yangu. Kule kilimani, nilipokuwa nakutafsiria, ulieleza jinsi babu alivyokuwa akipanda alfajiri kuusoma ukungu kabla ya kupanda maharage, kwamba ukiganda kwenye mkondo wa mto angoje wiki, ukipanda juu kwa haraka ashuke akachukue jembe. Ulizungumza mpaka jua likatoka. Mimi nikawaambia, asubuhi hapa kuna ukungu. Kwenye mianzi ulieleza namna ya kugema pombe ya ulanzi, asubuhi na jioni, mkato mwembamba kama ukucha, na kwamba mwanzi ukikatwa na mtu mwenye hasira hukauka. Nikawaambia, hii ni mianzi.

Pale kwenye mawe ya kuvukia ndipo ninapoona aibu zaidi. Uliwaambia kwamba mawe yale hayakuwekwa na mto. Kila binti aliyeolewa Lunyela kutoka ng'ambo alileta jiwe lake, ili mama yake apate pa kukanyaga akija kumsalimia. Ukawaonyesha jiwe la bibi Hyasinta, la nne, linalotikisika, ukasema hata yeye mwenyewe hakuwa anatulia. Ulicheka peke yako, Mjomba. Wao walikuwa wananitazama mimi. Nikawaambia, angalieni, yanateleza.

Si kwamba sikujua Kiingereza chake. Nilisoma shule ya Kiingereza tangu chekechea, unajua Mama alivyojinyima. Kiingereza ninacho, kimekaa kichwani kimepangwa vizuri kama sahani za wageni kabatini. Ila nikiombwa nizitoe mbele ya watu, mikono inatetemeka, naona afadhali niseme hakuna sahani. Hata Kiswahili changu darasani ni hivyo hivyo. Kwa maandishi tu ndipo ninapoweza.

Sasa watalisoma mbele ya watu, na watakuondoa kwenye bonde lako kwa kosa langu. Nimekuambia kabla ili usilisikie pale.

Naomba unisamehe. Usipoweza, naomba uniandikie hata kwamba huwezi.

Anneth


Makambako
6 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo.

Sijui kama Benno alifikisha barua yangu. Jumatano iliyopita Matroni Flora aliniruhusu kwenda sokoni na wenzangu, nikamtafuta kwenye magari ya viazi. Alisema aliiweka mkononi mwako, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani. Sikumuuliza zaidi.

Nimeongeza uzito kidogo. Nimekuwa wa tatu kwenye Biolojia.

Anneth


Lunyela
20 Oktoba 2024

Anneth,

Barua zako mbili nimezipata.

Mvua za kwanza zimeanza. Tumeezeka upya banda la mbuzi. Mama Brayson anakusalimu, amesema ule vizuri.

Kasimiri


Lunyela
17 Novemba 2024

Mpwa wangu Anneth,

Kamwene. Mitihani vipi? Brayson ameanguka na pikipiki lakini kwenye majani, kwa hiyo kilichoumia ni majivuno. Mama yako alipiga simu, akauliza kwa nini sauti yangu ni ndogo, nikamwambia mafua.

Nikuambie ukweli kwa kuwa wewe ulianza kuniambia. Nilikasirika. Barua yako nilitaka kuichana, Mama Brayson akaichukua akaificha kwenye kikapu cha ulezi, akasema nitaipata siku nikiwa mtu. Wala haikuniuma kwamba ulikata maneno. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshayatangaza yale uliyoyatunga, kwa katekista, kwa wanywaji wenzangu, kwa fundi cherehani, hata kwa mtu wa bima aliyepita tu. Nilijiona kama jogoo aliyewika usiku wa manane akidhani ni alfajiri. Ndiyo maana nilikaa kimya. Kama unavyonijua, kimya kwangu ni kazi ngumu kuliko kulima.

Mkutano ulikuwa jana. Walimpa Fredy asome kwa sababu ndiye anayejua lugha. Kijana ana heshima, lazima niseme. Alipofika pale pa "hazungumzi sana" alisita, akanitazama, ikabidi Methusela amwambie asome tu. Akasoma. Halafu mzee Damiano kutoka nyuma akauliza, Kasimiri yupi huyo asiyezungumza sana? Huyu huyu tunayemjua? Basi siku hiyo alikuwa anaumwa meno. Kijiji kizima kikacheka, na mimi nikacheka, maana nifanyeje.

Nilipopewa nafasi nikasimama. Kabla sijaenda nilikuwa nimeitoa barua yako kwenye ulezi nikaisoma tena, mara hii nimekaa. Nikajiona nilivyokuwa naongea siku ile: nilianzia kilimani sikupumzika mpaka mtoni, kila nilipofunga mdomo ilikuwa kumeza mate. Nikawaambia watu, "Kosa ni langu. Nilimtwika mtoto mzigo wa kuni wa mtu mzima, halafu nikamshangaa kwa nini njiani amepunguza."

Hawakupiga makofi wala nini. Methusela alishauriana na wenzake wakaamua hivi: Desemba wanakuja walimu wanane kutoka Uswisi, watafikia nyumba ya wageni ya kanisa. Nitawaongoza mimi, wewe utafsiri, Methusela mwenyewe atatembea nasi na daftari kwapani. Wageni wakiridhika, kitambulisho changu. Wasiporidhika ni cha Fredy, na mimi nitabaki kufyeka njia. Ni haki, sina manung'uniko.

Sikulazimishi kuja. Lakini ukija usihofu, nitapunguza maneno. Nimeshaanza mazoezi, Mama Brayson anasema nyumba imekuwa kubwa.

Mjomba wako,
Kasimiri


Lunyela
12 Januari 2025

Mpwa wangu Anneth, sasa kidato cha nne,

Kamwene sana. Tangu uondoke na mama yako kurudi Lugarawa, nyumba imepoa. Mianzi imechipua vizuri, nimeanza kugema, na kule juu yale maua ya porini ya zambarau yamefunguka mlima mzima, ungeyaona usingeondoka. Jumamosi nilipeleka watu wa Mbeya kuyaangalia. Niliwakataza wasichume hata moja, wakanitii, wakalala chini kifudifudi kuyapiga picha kama watoto.

Kitambulisho nimepewa. Kina picha yangu, nimetoka kama mshitakiwa, lakini jina liko sawa. Fredy hakuondoka. Nimemwomba anisaidie siku za wageni wengi, yeye na viatu vyake, nami namfundisha ndege. Mluzi bado unamshinda.

Lakini nina swali, na usinizungushe.

Juzi Fredy alitusomea walichoandika wale Waswisi. Ni kurasa mbili. Wanasema kiongozi aliwaeleza habari za mawe ya akina mama na hawajawahi kuvuka mto kwa heshima namna ile. Wanasema habari za jiwe linalotikisika kama mwenye jiwe. Wanasema habari za babu yako na ukungu, na hasira inayokausha mwanzi. Methusela alitikisa kichwa kwa kuridhika, watu wakanipa mkono.

Anneth, mimi siku ile sikusema hayo. Nilikuwa nimeahidi kupunguza, nikapunguza. Mtoni nilisema, haya ni mawe, tuvuke. Basi. Wewe ukaongea pale mpaka nikadhani umeanza kusali. Nami nimesimama kwenye maji, vidole vya miguu vimekufa ganzi, nawatazama wale watu wanavyokutazama. Yule mama mwenye fimbo mbili akakuuliza kitu, ukamjibu, wote wakacheka huku wakimtazama mwenyekiti. Methusela mpaka leo ananiuliza walimcheka nini. Na nilipokuuliza njiani umewaambia nini, ukasema, "Nimetafsiri tu, Mjomba."

Ulitafsiri nini?

Kasimiri


Makambako
26 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Hongera ya kitambulisho. Mama ameniandikia kwamba umemtumia picha yake, na kwamba amecheka wodini mpaka mgonjwa akaamka. Mimi sijambo. Lightness amehamia kitanda cha juu. Anataka likizo ya Juni aje Lunyela aone kama mimi ni mwongo. Nimemwambia aje na masweta.

Swali lako nalijibu.

Siku ile nilikuja nimejiandaa. Wakati wa mitihani, nikimaliza kusoma, nilikuwa nageuza maneno yako ya Juni kwa Kiingereza kwenye daftari, sentensi moja moja, ili ukiyasema tena yanikute yako tayari. Juni nilikuwa nimeyasikia yote, Mjomba. Sikuyatoa, lakini sikuyatupa.

Halafu tukafika kilimani, ukasema, asubuhi hapa kuna ukungu. Ukanyamaza. Nilidhani unavuta pumzi. Ukaanza kushuka. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya Juni, yanatoka kinywani mwako, na ulikuwa unanitazama kuona kama mzigo umekuwa mwepesi. Hapo kilimani nikawaambia ya babu, lakini kwa sauti ndogo, na wewe ulikuwa umeshatangulia. Kwenye mianzi nikaongeza kidogo. Mikono nikaiweka mifukoni.

Mtoni uliposema haya ni mawe, tuvuke, nilikasirika. Sikukukasirikia wewe. Niliona watakwenda kwao wakidhani yale ni mawe.

Basi nikasimama mbele ya jiwe la kwanza ili wasiweze kupita. Nikawaambia, mjomba wangu anasema mawe haya hayakuwekwa na mto. Kila sentensi niliianza hivyo, mjomba wangu anasema, mjomba wangu anasema, na wewe umesimama pale umefunga mdomo. Niliwaambia ya mabinti na mama zao. Niliwaambia ya bibi Hyasinta, nikawaeleza kwamba wewe ukifika kwenye jiwe lake huwa unacheka, na hapo wakakugeukia, nawe kwa bahati ukatabasamu kwa sababu uliona wote wanakuangalia. Sauti yangu ilitetemeka mwanzoni. Hakuna aliyecheka. Yule mama mwenye fimbo mbili akavua viatu, akavuka peku, na wengine wakamfuata, na maji yale unayajua yalivyo.

Alichouliza ni kama mgeni naye anaweza kuweka jiwe. Hilo hukuwa umelisema Juni wala Desemba, kwa hiyo nililijibu kwa akili yangu. Nilimwambia hapana, jiwe ni la aliyeolewa hapa, ila mwenyekiti wetu ni mjane, wanaweza kuongea. Ndicho walichomchekea. Tafadhali usimwambie mzee Methusela, au mwambie nikishamaliza kidato cha nne.

Kwa hiyo mwezi wa sita nilikupunguza na mwezi wa kumi na mbili nikakuongeza, na mara zote mbili nilikuambia nimetafsiri tu. La kwanza nilikuomba msamaha. Hili la pili siliombei.

Ila nina ombi. Juni nikija na Lightness kutakuwa na wageni, na nitataka kuwatafsiria tena. Usipunguze, Mjomba. Sema kama unavyosema siku zote, anzia kilimani. Pumua tu katikati, nami nitakufikia.

Mpwa wako,
Anneth